Jino la Refa

Majibu ya maabara yalifika asubuhi, Mama Tena akiwa bado hajamaliza chai yake. Aliposoma mstari wa mwisho aliweka kikombe chini, akaikunja karatasi, akaikunjua, akaisoma upya.

Mama Tena halikuwa jina lake la kuzaliwa. Ni jina alilobandikwa kituoni, kwa sababu mtu akishamweleza habari yote mwanzo hadi mwisho, ameshapumua, ameshaanza kunyanyuka aende zake, yeye husema, "Haya, nieleze tena." Watuhumiwa walimchukia kwa hilo. Askari wenzake walimcheka, lakini wakipata kesi yenye mafundo walimpelekea yeye.

Kesi hii ilikuwa na mafundo. Palikuwa na mzee mmoja mstaafu, aliyechezesha mpira nchi nzima mpaka mtaa ukasahau jina lake na kubaki kumwita Refa. Huyu mzee alikuwa na ugonjwa wa Pakinsoni: mikono inatetemeka, miguu inagoma, sauti imeshuka ikawa mnong'ono, na uso umekauka kiasi kwamba akifurahi hujui na akinuna hujui. Kwa miaka kadhaa vidonge vilimbeba. Akimeza, baada ya muda kidogo mwili unafunguka, anatembea, anawatania wapita njia. Halafu mwaka huu vidonge vikagoma. Anameza vilevile, saa zilezile, na anabaki amekwama kitini.

Binti yake mkubwa alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya sekondari, mwanamke ambaye akikohoa tu korido nzima inanyooka. Mwalimu aliunganisha mambo, akaja kituoni, akasema bila kupepesa macho kwamba wifi yake anamuua baba yao taratibu.

Na ukimsikiliza, mambo yaliungana kweli. Huyo wifi, mke wa mdogo wake, mtaani wanamwita Mama Pacha kwa ajili ya watoto wake. Ndiye anayekaa na mzee, ndiye anayempikia na kumpa dawa, maana mumewe ni dereva wa malori ya safari ndefu na nyumbani anaonekana kwa nadra. Mama Pacha aliposafiri kwenda kumuuguza mama yake mzazi, Mwalimu alihamia pale kumtunza baba, na mzee akachanua. Akatembea. Akaenda mpaka uwanja wa shule akachezesha mechi ya watoto. Mama Pacha akarudi, na haukupita muda mrefu mzee akakwama tena. Mwalimu akapekua jikoni, na nyuma ya makopo ya viungo akakuta kopo dogo la vidonge vyeupe, ukiviweka kando ya dawa za mzee huwezi kuvitofautisha. Alipomuuliza wifi yake ni vya nini, wifi akanyamaza. Polisi walipomuuliza, akanyamaza. Sasa alikuwa ananyamazia mahabusu, wiki ya pili inaanza, na pacha wake wanalia kwa bibi yao.

Mama Tena aliipeleka karatasi ya maabara kwa Bosi, mkuu wa upelelezi, mtu mwenye kitambi na subira ndogo. Akamsomea. Damu ya mzee haina sumu. Vidonge vilivyomo kwenye chupa yake ya dawa ni dawa halisi ya Pakinsoni, hakuna aliyebadilisha. Na vidonge vya kwenye kopo la jikoni ni vya kiungulia, vile vya kutafuna, vinavyouzwa kila duka la dawa bila cheti cha daktari.

Bosi alikuna shavu. Akasema zipo sumu ambazo maabara yao haizioni, na kwamba mtu hafichi kitu halali nyuma ya makopo. Mwendesha mashtaka alikuwa amekwisha kupiga simu mara kadhaa. Jalada la kujaribu kuua linatakiwa mezani kwake kesho asubuhi, liwe limekamilika.

"Mtu anafichaje kiungulia, Mama Tena? Anakaa mahabusu kwa ajili ya kiungulia?"

"Hilo ndilo linaloninyima raha, Afande. Nipe mpaka jioni."

"Jioni. Jua likizama hujanipa kitu, anashtakiwa."

Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza yenye mguu mmoja mfupi, na kila aliyeiegemea alijikuta anayumba. Mama Pacha hakuiegemea. Aliketi ameshika ncha ya mtandio wake, anaikunja na kuikunjua, vidole vyake vimezoea kitambaa kwa kuwa alikuwa fundi cherehani, akishona sare za shule barazani kwake. Macho yalikuwa yamevimba. Mama Tena aliweka lile kopo katikati ya meza.

"Haya. Nieleze tena."

Mama Pacha akatikisa kichwa.

"Basi nitaeleza mimi. Hivi ni vidonge vya kiungulia, maabara wamethibitisha. Havina sumu, havina chochote cha ajabu."

Hapo Mama Pacha aliinua uso kwa mara ya kwanza tangu aletwe. Akauliza kwa sauti ya kukwaruza kama ni kweli, kama wana hakika, kama hakuna kitu kingine kilichochanganywa humo kiwandani. Mama Tena akamwambia ndiyo, wana hakika. Na yule mama akashusha pumzi, mabega yakashuka nayo. Siku zote hizo, alisema, alikuwa akikesha anajiuliza kama Mwalimu yuko sahihi, kama pengine yeye mwenyewe bila kujua ndiye aliyemdhuru mzee kwa vidonge vile.

Mama Tena alilichukua neno hilo akaliweka kando kichwani. Anayetia sumu hakeshi akijiuliza kama alitia.

"Kwa hiyo ulimpa mzee. Si vyako."

Mama Pacha alirudisha macho kwenye ncha ya mtandio.

"Mama Pacha, una watoto wawili wanaokulilia. Kesho unapelekwa mahakamani, na ukishafika kule mimi sina uwezo tena. Heshima gani hii inayokupeleka jela?"

"Nimeapa, Inspekta."

"Kwa nani?"

"Kwa mwenye tumbo."

Baada ya hapo mambo yalimtoka kama uzi ulioachiwa. Mzee alikuwa anaumwa tumbo tangu mwanzo wa mwaka. Linaungua, linajaa gesi, akila matonge mawili anasema ameshiba. Alimwagiza amnunulie vidonge vya kupoza, na akamwapisha kwa jina la pacha wake asimwambie mtu yeyote, na zaidi ya wote asimwambie Mwalimu. Marehemu mkewe aliingia hospitali kwa tumbo, akatoka ndani ya jeneza, na aliyempeleka siku ile ni Mwalimu. Mzee aliona jinsi binti yake alivyosambaratika, akaapa kwamba hatampitisha njia ile mara ya pili. Juu ya hayo alikuwa na msemo wake wa kazini, kwamba refa hatoki uwanjani kwa sababu ya tumbo.

Mama Tena alimuuliza kwa nini basi hakusema hata alipofungiwa. Jibu lilikuja polepole. Akisema, Mwalimu atajua kwamba baba alimficha yeye, mtoto wa damu, akamwamini mkwe. Yeye akitoka jela nyumba ile bado anaitaka, na alihofia kuwa hilo ndilo lingeivunja kabisa.

"Nyie watu," Mama Tena alisema huku akinyanyuka, "mnapendana vibaya."

Alikuwa na hasira, na hasira yenyewe haikuwa na mtu wa kumwangukia. Alilitia kopo kwenye mfuko wa vielelezo, akafunga, akaenda kutafuta gari.

Nyumba ya Refa ilikuwa ya vyumba vichache, safi, yenye baraza mbele. Cherehani ilikuwa imefunikwa shuka, na juu ya shuka sare nusu, mkono mmoja umeshonwa na mwingine bado. Mwalimu alimpokea Mama Tena mlangoni kwa adabu yote, akamkaribisha, akamwonyesha kiti. Refa alikuwa kwenye kiti chake cha kuegemea karibu na dirisha, mkono wa kulia unatetemeka juu ya paja, macho tu ndiyo yanatembea. Mama Tena alimwamkia, "Shikamoo, Mzee." Midomo ya Refa ilicheza, na kabla sauti haijatoka Mwalimu akajibu kwa niaba yake kwamba mzee amepokea salamu, hajambo kidogo.

Mama Tena aliliona hilo. Kila swali lililoelekezwa kwa mzee lilipokelewa na Mwalimu njiani.

Akaanza na lililokuwa rahisi. Mama Pacha yuko mahabusu wiki nzima na zaidi, dawa na chakula sasa vinatoka mkononi mwa Mwalimu mwenyewe. Je, mzee amepata nafuu? Mwalimu akasema bado, maana sumu huchukua muda kutoka mwilini. Mama Tena akamkumbusha maelezo yake mwenyewe, aliyoyatia saini kituoni: safari ile ya kwanza, Mama Pacha alipoondoka, mzee alianza kutembea ndani ya siku chache tu.

"Ile mara ya kwanza sumu ilitoka haraka. Safari hii imekataa kutoka. Kwa nini?"

Mwalimu aliinama akarekebisha mto mgongoni mwa baba yake.

"Nionyeshe hizo siku nzuri," Mama Tena akasema. "Uliniambia una video."

Mwalimu alitoa simu. Na kweli, pale kwenye uwanja wa vumbi, Refa alikuwa mtu mwingine. Anatembea, si haraka, lakini anatembea. Anapuliza filimbi, ananyoosha mkono kuelekeza mpira wa adhabu, watoto wanalalamika, yeye anacheka kinywa wazi. Mama Tena alisimamisha video pale kwenye kicheko. Akaisogeza simu karibu na macho. Halafu akainua kichwa kutazama ukutani, ambako palikuwa na picha kubwa ya Refa kwenye sherehe yake ya kustaafu, anacheka vilevile, meno yote yamejipanga.

"Hapa pana pengo. Hili jino la pembeni limekwenda wapi?"

Mwalimu alishangaa kuulizwa. Akasema ah, lile jino, lilimsumbua palepale wifi alipoondoka. Shavu lilivimba, usaha, mzee hali wala halali. Akampeleka kwa daktari wa meno, likang'olewa, akapewa vidonge vya rangi mbili vya kuua bakteria, ameze mpaka viishe.

"Na akavimaliza?"

"Mimi ndiye niliyekuwa nampa. Bila shaka alivimaliza."

"Akaanza kutembea lini? Kabla ya jino au baada?"

Mwalimu alirudi nyuma kwenye simu yake, akatafuta, vidole vinakwenda haraka halafu polepole. Picha ya mzee akiwa na shavu limevimba: yuko kitini. Picha ya mzee akinywa uji baada ya kung'olewa: yuko kitini. Kisha vidonge vile, kisha mzee yuko barazani amesimama, kisha uwanjani.

"Baada," alisema.

"Mlihesabu safari ya wifi yako," Mama Tena alisema, "hakuna aliyehesabu jino."

Alisema hivyo kwa upole, kwa kuwa alimwona Mwalimu anaanza kuelewa na hakufurahia kumtazama. Lakini kipande kimoja bado kilikuwa kinasubiri, na mwenye nacho alikuwa pale dirishani. Mama Tena alitazama huku na huku. Kwenye msumari, juu kuliko mkono wa mtu aliyekaa, ilining'inia filimbi kwenye kamba yake, pamoja na kipochi kidogo cha ngozi cha kadi. Akauliza kwa nini imewekwa mbali. Mwalimu akaeleza kwamba baba alikuwa anaipuliza kila saa kuita watu, anachoka bure, ndiyo maana akaitundika ili apumzike.

Mama Tena aliishusha, akaifuta kwa leso, akaiweka kwenye midomo ya mzee, na yeye akachuchumaa mbele yake.

"Refa, mimi nauliza, wewe unaamua. Moja ni ndiyo, mbili ni hapana. Sawa?"

Pii.

"Tumbo linakuuma?"

Macho ya mzee yalikwenda kwa binti yake, yakarudi. Pii.

"Tangu mwanzo wa mwaka?"

Pii.

"Vile vidonge vya kwenye kopo, ni wewe uliyemwagiza mkwe wako, ukamwapisha?"

Filimbi ilitetemeka pamoja na mdomo. Mwalimu alikuwa amesimama katikati ya chumba, mikono imekosa pa kwenda. Kisha ikaja moja, ndefu, mpaka ng'ambo ya barabara mtu aligeuka kutazama.

"Amewahi kukupa kitu kibaya?"

Pii, pii. Kali, ya mtu anayekataa bao.

Mwalimu aliketi kwenye mkono wa kiti cha baba yake. Alimuuliza, akimwita Baba kama mtoto mdogo, kwa nini alimficha yeye. Refa aliiacha filimbi ianguke kifuani. Alijitahidi, sauti ikatoka kama karatasi inayokwaruzwa.

"Mama yako," akasema.

Hakuhitaji kuongeza. Mwalimu alifunika uso kwa viganja vyote viwili akalia, na mkono wa mzee, ule unaotetemeka, ukapanda polepole ukatua mgongoni kwake. Mama Tena alitoka barazani kupiga simu. Kazi ya upelelezi ina mahali pake, na pale ndani wakati ule hapakuwa mahali pake.

Bosi alimsikiliza mpaka mwisho, akaguna, akamuuliza kama anataka amweleze mwendesha mashtaka kwamba kesi ya kujaribu kuua imeishia kwenye jino bovu. Mama Tena akasema anataka amweleze hivyohivyo, na kwamba kesho asubuhi ataleta neno la daktari. Bosi aliguna tena, lakini alipiga simu.

Daktari wa mishipa ya fahamu aliyekuwa akimtibu Refa, ambaye Mama Tena alimfuata asubuhi iliyofuata, alikuwa bwana mwembamba, anayesema huku akichorachora kwenye karatasi. Mwanzoni alimsikiliza Mama Tena kwa uso wa mtu anayesubiri kumkatiza. Mama Tena alipofika kwenye tumbo linaloungua, daktari akaacha kuchora. Alipofika kwenye vidonge vya daktari wa meno akaweka kalamu chini.

Akamweleza kwamba wako bakteria wanaoishi ndani ya mfuko wa tumbo, walewale wanaoleta vidonda vya tumbo, na watu wengi wanao bila kujua. Dawa ya Pakinsoni haina kazi tumboni, kazi yake iko kwenye ubongo, na ili ifike lazima ipite tumboni salama, iingie kwenye damu. Bakteria hawa wakishamiri, dawa inakwama njiani. Mtu anameza dozi nzima na ubongo unapata makombo.

"Kwa hiyo vile vidonge vya jino..."

"Viliwapiga bila kukusudia. Njia ikafunguka, dawa ikapita, mzee akatembea. Lakini dawa moja kwa wiki moja haiwamalizi. Waliobaki walizaliana, njia ikafungwa tena. Mkwe aliporudi yeye alikuta tu mchezo umeshaanza kugeuka."

Mama Tena alimwomba aeleze tena. Daktari akacheka, akaeleza tena, na safari hii aliongeza. Tumbo na ubongo, alisema, vina waya kati yao, mshipa mrefu wa fahamu, na utumbo wenyewe una neva zake nyingi kuliko watu wanavyodhani. Maambukizi yakikaa tumboni, kinga ya mwili inapeleka askari wake. Askari wakikaa vitani muda mrefu wanaanza kuharibu hata nyumba wanayoilinda, na watafiti sasa wanachunguza kama moto huo wa tumboni unaweza kupanda mpaka kwenye neva na ubongo, na kama kwa baadhi ya watu ugonjwa kama huu huanzia chini huko miaka mingi kabla mkono haujatetemeka.

"Sikiliza, hilo la mwisho bado linatafutwa," akasema. "Siwezi kukwambia tumbo ndilo lililompa mzee Pakinsoni, na tukitibu tumbo Pakinsoni haitaondoka. Ila dawa yake kushindwa kupita, hiyo naweza kuipima leo."

Akaichukua kalamu yake, akasema kwamba yeye alikuwa akimwongezea mzee dozi tu kila alipokuja. Alimuuliza habari za mikono na miguu, kuhusu tumbo hakumuuliza, na mzee hakusema.

Kipimo chenyewe kilikuwa cha pumzi. Refa aliletwa kwenye kiti cha magurudumu, akanyweshwa maji yenye dawa, wakasubiri, kisha akapewa mfuko apulize ndani. Mara ya kwanza hewa haikutosha. Muuguzi akajaribu kumwelekeza, na Mwalimu, aliyekuwa amesimama nyuma amevaa miwani ya jua ndani ya nyumba, akainama sikioni mwa baba yake.

"Baba, ni penalti. Puliza."

Mfuko ukajaa.

Mama Tena alisubiri koridoni kwenye benchi la plastiki, na hakuona haya kukiri moyoni kwamba anaogopa. Kama daktari angetoka na kusema hakuna bakteria, basi yote aliyoyajenga yangekuwa jino tu, na gari la kwenda mahakamani lilikuwa tayari na mafuta. Alitazama ukuta. Alitazama viatu vyake. Mlango ulipofunguliwa alisimama kabla hajaitwa.

"Wamo," daktari akasema. "Tena wamejaa."

Mama Tena alijikuta anacheka, pale koridoni, na mkono ameuweka kifuani. Hakuwahi kufurahi namna ile kusikia mtu ni mgonjwa.

Refa alianzishiwa dawa za kuwamaliza wale bakteria, na Mama Pacha aliachiwa siku ileile. Bosi alitia saini mwenyewe, akamrudishia viatu vyake, akamwambia kwa ukali wa kuficha aibu kwamba siku nyingine akiulizwa na polisi ajibu. Yule mama hakwenda kwa Refa. Alikwenda kwa mama yake waliko pacha, akasema atarudi pale atakapoitwa na aliyemshtaki.

Ilikuwa yapata mwezi baadaye Mama Tena alipofika tena kwenye ile nyumba yenye baraza. Alikuwa na sababu ya kikazi, kurudisha vielelezo: chupa ya dawa, kopo la vidonge, kila kimoja na lebo yake. Angeweza kumtuma askari. Hakumtuma.

Alipiga hodi, akasikia hatua ndani, za kuburuta lakini hatua. Mlango ukafunguliwa na Refa mwenyewe, amesimama, ameshika fremu kwa mkono mmoja. Mkono mwingine bado ulitetemeka kidogo. Ugonjwa ulikuwa bado upo, na ungeendelea kuwepo. Ila mtu alikuwa amerudi ndani ya mwili wake, na uso ule mkavu ulikuwa na kitu pembeni ya mdomo ambacho Mama Tena alikitambua kutoka kwenye video.

"Inspekta," akasema. "Karibu, umechelewa kufika uwanjani."

Kabla hajaketi, gari lilisimama nje. Mwalimu ndiye aliyekuwa anaendesha, na pembeni yake alikaa Mama Pacha, na nyuma pacha wanagombania dirisha. Mwalimu alikuwa amekwenda kumfuata mwenyewe, safari ya mbali, peke yake. Waliyoyasema njiani hawakumwambia mtu, lakini wote wawili macho yalikuwa mekundu, na Mwalimu ndiye aliyebeba begi.

Waliingia. Mama Pacha alipiga goti mbele ya baba mkwe kumsalimia, akaona amesimama, akasahau salamu. Aliinuka akamkumbatia, jambo ambalo katika miaka yote hakuwahi kuthubutu, na Refa akamwacha amkumbatie mpaka alipotosheka.

Kisha Refa akapuliza filimbi.

Chumba kizima kikanyamaza, hata pacha. Alimwita binti yake kwa kidole, aje mbele. Mwalimu akaenda, mwanamke mzima na mwalimu mkuu, akasimama mikono nyuma. Refa akafungua kile kipochi cha ngozi. Kilimchukua muda, vidole vilikuwa havitii vizuri, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Akatoa kadi ya njano akaiinua juu ya kichwa cha binti yake.

Mwalimu aliitazama. Nyekundu angeipokea vilevile, na kila mtu pale alijua hivyo. Midomo ikamcheza, akainamisha kichwa.

"Asante, Baba," akasema.

Mama Tena alikuwa ameshaanza kutafuta leso yake pale Mama Pacha aliposogea. Yule mama aliyekaa mahabusu muda wote ule bila kusema neno alinyoosha mkono, akaichukua kadi kutoka kwenye vidole vya mzee, akarudi hatua moja nyuma, akanyooka vizuri, akaiinua mbele ya uso wa Refa mwenyewe.

"Hii ni ya tumbo," akasema.

Pacha walipiga kelele kwa furaha. Refa aliitazama kadi, akamtazama mkwe wake. Katika miaka yake yote uwanjani hakuna aliyewahi kumwonyesha kadi. Akaweka mkono tumboni kama mchezaji anayetaka kulalamika, akabadili nia, akaushusha.

"Nimekubali," akasema, na safari hii kila mtu sebuleni alimsikia.